Ndugu wa mgonjwa wa ICU: namna ya kwenda nao hatua kwa hatua, kuanzia benchi la nje mpaka mgonjwa anatoka

Nimefanya uuguzi wa ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, miaka kumi na moja sasa, hospitali ya rufaa hapa Tanzania, na ukiniuliza ndugu wa wagonjwa wanalalamikia nini nakujibu bila hata kufikiria. Sio dawa, sio vifaa, mara nyingi sio hata kifo chenyewe. Ni neno moja, "hatukuambiwa". Hatukuambiwa kama atapelekwa siti skani, tumekuja saa saba mchana tumekuta kitanda kitupu, mama amezimia pale pale mlangoni tukijua ndo basi tena, kumbe mgonjwa yuko upasuaji.

Naandika hii kwa manesi wenzangu, hasa nyie mliopangiwa ICU juzi juzi, mashine mnaiweza, dripu mnaziweza, lakini ukiambiwa "sista nje kuna ndugu wa kitanda namba tatu wanakuulizia" tumbo linakata. Nilikuwa hivyo hivyo. Chuoni tulifundishwa kidogo sana kuhusu wale watu wa kwenye benchi.

Mwaka 1979 kuna nesi wa Marekani anaitwa Nancy Molter aliwapa ndugu 40 wa wagonjwa mahututi orodha ya mahitaji 45, akawauliza lipi ni muhimu kiasi gani kwao. Yaliyokuja juu ni kuona kuna tumaini, kuona wahudumu wanamjali mgonjwa wao, kupigiwa simu nyumbani hali ikibadilika, kujibiwa maswali kwa ukweli. Raha zao wenyewe ndugu waliziweka chini kabisa. Ukisoma ile orodha leo ukiwa umesimama kwenye korido ya hospitali yetu yoyote utasema imeandikwa jana. Na angalia vizuri, sehemu kubwa ya hayo yanafanywa na nesi, na hayahitaji bajeti.

Hatua ya kwanza: nusu saa ya mwanzo

Mgonjwa ameingia, wote mko juu yake, mmoja anatafuta mshipa, mwingine anavuta makohozi, daktari anaweka mpira wa kupumulia. Huko nje kuna watu wamemfikisha na bajaji au ambulensi, mlango umefungwa mbele ya uso wao na hawajui kama yu hai. Hizo dakika hawazisahau maisha yao yote, hata mgonjwa akipona watakuhadithia zile dakika.

Kwahiyo kabla mgonjwa hajafika mkishapigiwa simu kutoka mapokezi, kubalianeni nani atatoka nje. Mtaje mtu kwa jina. Mkisema "mmoja wetu atatoka" hatoki mtu. Huyo aliyetajwa ndani ya nusu saa atoke, hata kwa dakika mbili tu, awasalimie, akae chini kama kuna pa kukaa, aseme hivi: "Poleni sana. Mimi naitwa sista fulani, ndio niliyepokea mgonjwa wenu. Yuko hai, saivi tunamsaidia kupumua kwa mashine na tunapandisha presha kwa dawa. Bado tunaendelea, siwezi kuwaambia zaidi ya hapo kwa sasa, lakini nitatoka tena baada ya saa moja." Alafu baada ya saa moja utoke. Hata kama hamna jipya utoke, useme hamna jipya. Ukiahidi saa moja ukatoka baada ya saa tatu umeshaipoteza ile familia, na itakuchukua siku tatu kuirudisha.

Neno "yuko hai" usilione la ajabu, liseme mwanzoni kabisa. Ndilo wanalolisubiri, ukianza na maelezo ya presha na sukari hawasikii chochote mpaka walisikie hilo.

Hatua ya pili: nani unaongea naye

Hapa vitabu vya wenzetu vinasema tafuta ndugu wa karibu, mke au mume au mtoto, umfanye msemaji. Huku kwetu mambo hayako hivyo moja kwa moja na mnajua. Mke yuko pale amekaa kwenye mkeka, kajifunika khanga, haongei. Anayeongea ni baba mkubwa aliyekuja na basi la usiku kutoka Singida, au shemeji mwenye gari, au binti yuko Muscat anapiga simu kila nusu saa na ndiye analipa. Alafu kuna wa kanisani, kuna wa vikoba, na jirani aliyemleta hospitali anajiita kaka wa mgonjwa kumbe ni jirani.

Nachofanya mimi ni hiki, nawaita wote waliopo, nasalimia kuanzia mkubwa, shikamoo baba, shikamoo mama, alafu nasema: "Naomba familia ikae dakika tano mnichagulie watu wawili, ambao tutawapa taarifa sisi, wao wawape wengine. Mmoja awe analala karibu na hapa." Natoka, nawaachia wenyewe. Usiwachagulie. Ukimchagua mtoto wa kiume kwa sababu anaongea Kiingereza na mzee wake yupo, umemdhalilisha mzee na umemtwika kijana mzigo ambao familia haijampa. Wakishachagua naandika majina mawili na namba mbili za simu mbele ya faili, na naijaribu ile namba pale pale, napiga iite. Tumewahi kutafuta ndugu usiku wa manane kwa namba iliyokosewa tarakimu moja.

Lakini msemaji wa familia sio mwisho wa habari. Yule mke kwenye mkeka mfuate kivyake. Muulize "na wewe mama umeelewaje?" Mara nyingi yeye ndiye anayejua mgonjwa alikuwa anatumia dawa gani, aliacha lini, alianguka vipi, na hakuna aliyemuuliza.

Na siri. Hapa naomba uwe makini sana. Mgonjwa anatumia dawa za VVU na dada zake hawajui, au ameingia kwa sababu ya kutoa mimba na mama mkwe yuko nje anataka aelezwe "tatizo hasa ni nini". Kuwa msemaji wa familia hakumpi mtu haki ya kujua kila kilichomo kwenye faili. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda majibu ya kipimo, na kiapo chetu kinalinda mengine yote. Wewe eleza hali: mapafu yana maambukizi makali, tunampa dawa za sindano, anapumua kwa mashine. Hujadanganya na hujamvua mtu nguo. Na usiongelee haya kwenye korido, korido ina masikio.

Hatua ya tatu: waandae kabla hawajaingia

Kosa tunalofanya ni kufungua mlango saa ya kuona wagonjwa na kuwaacha waingie wakakutane nacho wenyewe. Mtu anamkuta baba yake uso umevimba, mpira mdomoni umefungwa na plasta, mwingine puani, mwingine shingoni, mfuko wa mkojo unaning'inia, mikono imefungwa kwenye kitanda, na pembeni kuna kitu kinalia pii pii pii. Mtu wa kawaida akiona mikono imefungwa anajua mnamtesa.

Wasimamishe nje kwanza, wawili wawili, uwaambie watakachokiona. Mpira wa mdomoni umepita kwenye koo mpaka kwenye njia ya hewa, ndo maana hawezi kuongea hata akiamka, sauti yake haijapotea. Amelala kwa sababu tunampa dawa ya usingizi ili asipambane na mashine. Mikono tumeifunga kwa kitambaa laini kwa sababu akizinduka kidogo mkono unakwenda wenyewe kwenye mpira, akiuchomoa anaweza kufa, na tunaifungua tukiwa tumekaa naye. Amevimba kwa maji, maji tuliyompa wakati presha imeshuka, yatapungua. Ile monita ikilia sio lazima kuna hatari, inalia hata kiwaya cha kidoleni kikitoka, angalieni uso wangu, mkiona mimi sikimbii basi na nyie msikimbie. Hilo la mwisho limenisaidia kuliko yote.

Alafu ingia nao. Usiwaache peke yao kitandani mara ya kwanza. Waoneshe pa kushika, "mama shika mkono huu, huu hauna dripu". Waambie waongee naye. Kuna ndugu anasimama mita mbili kutoka kitandani siku ya kwanza hadi ya tano kwa sababu hakuna aliyemwambia anaruhusiwa kusogea, na huyo ni mtu aliyemzaa huyo mgonjwa.

Baada ya siku mbili tatu mpe kazi. Kumpaka mafuta miguuni, kumfuta uso, kumlainisha midomo, kumnyoosha vidole. Wewe umepunguziwa kazi kidogo lakini hiyo sio sababu, sababu ni kwamba mtu anayekaa kutazama tu anaumia zaidi kuliko mtu mwenye kitu cha kufanya.

Hatua ya nne: taarifa ya kila siku, na neno la kuliogopa

Neno lenyewe ni "anaendelea vizuri".

Miaka yangu ya mwanzo kulikuwa na kijana wa bodaboda, ajali, kichwa. Siku ya nne jioni mama yake akaniuliza anaendeleaje, nikamwambia anaendelea vizuri mama, nenda kapumzike. Nilimaanisha presha yake haijashuka tangu asubuhi. Yeye alielewa mwanangu anapona. Akaenda Mbagala kulala kwa mara ya kwanza tangu wafike, na alfajiri tukampigia simu. Alipofika hakulia kwanza, alikuja moja kwa moja akanishika mkono akasema "si uliniambia anaendelea vizuri". Sijalitumia tena hilo neno, na mwanafunzi akipita mikononi mwangu ndo kitu cha kwanza namkataza.

Badala yake taarifa iwe na vipande vitatu, kila siku hivyo hivyo mpaka wazoee. Jana alikuwaje, leo yukoje, na tunasubiri nini. Mfano: "Jana mashine ilikuwa inampa oksijeni asilimia 80, leo imeshuka 50, hii hewa mimi na wewe tunayopumua ina 21, kwahiyo bado anahitaji msaada mkubwa lakini amesogea. Figo bado, mkojo ni kidogo sana tangu usiku. Tunasubiri majibu ya damu mchana na daktari wa figo." Mwisho ongeza sentensi moja ya ukweli wa jumla, kwamba bado yuko kwenye hatari. Mama wa Mbagala angeweza kubaki na hiyo picha. Na watu wetu wanaelewa namba vizuri kuliko tunavyodhani, mama anayeuza genge anaelewa 80 kushuka 50 bila shida yoyote.

Kitu kingine, taarifa ije kabla hawajauliza. Hospitali zetu nyingi saa za kuona wagonjwa ni asubuhi, mchana na jioni. Piga simu au toka nje kabla ya saa ya mchana, raundi ikishaisha. Dakika tatu. Najua zamu ya usiku unakuwa na wagonjwa watatu peke yako na wote wako kwenye mashine, najua, lakini hizo dakika tatu usipozitoa utazilipa kwa dakika arobaini za mtu kugonga mlango. Kwenye kukabidhiana zamu ongezeni mstari mmoja kwenye ripoti: familia imeambiwa nini, na nani. La sivyo nesi wa asubuhi anasema hivi wa jioni anasema vile, na familia inabaki kulinganisha maneno yenu usiku kucha.

Ile mipaka pia uijue. Nesi unaeleza hali na unachokifanya. Majibu ya vipimo vikubwa, uamuzi wa upasuaji, na swali la "atapona?" ni la kukaa na daktari. Ila usimjibu mtu "hayo muulize daktari" ukaondoka, hiyo ndo inawakera. Mwambie: "Hilo swali zuri na linahitaji daktari awepo. Kesho saa nne nakupangia kukaa naye, na mimi nitakuwepo." Alafu upange kweli.

Hatua ya tano: kikao na daktari

Hii naikazania kwa sababu naona tunaifanya vibaya nchi nzima. Kikao chetu cha kawaida ni daktari anatoka, anasimama mlangoni, anaongea dakika mbili mfululizo, anauliza "mmeelewa?", wanasema ndio, anaondoka. Hakuna mtu mzima wa Kitanzania atamwambia daktari sijaelewa mbele za watu. Wafaransa walipima hili jambo, utafiti wa Azoulay na wenzake wa mwaka 2000, wakakuta kama nusu ya ndugu wakitoka kuongea na daktari hawajaelewa ama ugonjwa, ama matibabu, ama mgonjwa anaelekea wapi. Nusu nzima.

Ufaransa huko huko mwaka 2007 Lautrette na wenzake, kwenye ICU 22, walijaribu kubadilisha kikao cha familia ambayo mgonjwa wao anaelekea kufariki. Walifuata mambo matano: kuthamini walichosema ndugu, kutambua hisia zao, kusikiliza, kuuliza mgonjwa ni mtu wa namna gani, na kuwavuta waulize maswali, pamoja na kipeperushi cha kwenda nacho nyumbani. Kikao kikarefuka kutoka dakika 20 kwenda 30, na mda wa familia kuongea ukapanda kutoka dakika 5 kwenda 14. Miezi mitatu baadae wale ndugu walikuwa na dalili chache za mshtuko wa akili na sonona kuliko wenzao. Hamna dawa iliyoongezwa hapo wala mashine, ni watu waliachiwa waongee. Na utafiti mwingine wa Seattle, Marekani, mwaka 2004 ulionesha hivyo hivyo, kadri familia inavyopewa mda zaidi wa kuongea kwenye kikao ndivyo inavyoridhika zaidi.

Kwahiyo kazi yako nesi ina vipande vitatu.

Kabla ya kikao tafuta viti, hata stoo ikiwa na nafasi isafishe, zima simu ya ofisini, waulize ndugu maswali yao makubwa mawili na umnong'oneze daktari kabla hajaingia. Mwambie pia "mkubwa wa familia ni yule mzee wa kofia", ili asalimie anapostahili.

Ndani ya kikao wewe ndo mkalimani, sio wa lugha tu. Daktari akisema figo zimefeli na wewe umeona sura zimebaki zile zile, ingilia kwa adabu, "dokta naomba niwaelezee kidogo, ina maana hazichuji uchafu tena, ule uchafu unabaki kwenye damu". Na uliza lile swali ambalo hakuna anayeuliza, "mzee wetu ni mtu wa namna gani akiwa mzima?" Nimeona kikao kilichokuwa kinaelekea kwenye ugomvi kikageuka, wakaanza kusimulia mzee alivyokuwa fundi cherehani, alivyokuwa hapendi kusaidiwa hata kuvaa viatu, na wenyewe wakafika kwenye lile ambalo daktari alikuwa anahangaika kulisema.

Baada ya kikao daktari akishaondoka, bakia. Hapa ndo maswali yanatoka. Usiulize mmeelewa, uliza "ukifika nyumbani, shangazi akikuuliza daktari kasema nini utamjibuje?" Atakavyojibu ndivyo alivyoelewa, na palipopinda unapanyoosha pale pale.

Hatua ya sita: mlango na mlinzi

Mlinzi wa getini anaongea na ndugu wengi kuliko daktari bingwa. Kama yule mlinzi anafoka, hospitali inafoka. Inchaji wa wodi akae na walinzi, awaambie nani ameruhusiwa nje ya saa, awape orodha. Mtu ametoka Sumbawanga, amesafiri siku nzima na usiku, amefika saa tatu usiku, unamwambia arudi kesho saa kumi na mbili asubuhi? Mwache aingie dakika tano, anawe mikono, amuone. Miongozo ya kimataifa ya ICU ya mwaka 2017 inashauri kuwa na saa za kulegeza badala ya kufunga kabisa, na suala la maambukizi linatatuliwa na maji na sabuni na idadi, sio kufuli. Ila mkiwa mnafanya kitu kitandani, kubadilisha mpira, kumsafisha, au jirani yake kitandani amezidiwa, waambie sababu ya kusubirishwa na itachukua mda gani. Mtu aliyeambiwa "nusu saa, tunamsafisha" anakaa vizuri kabisa.

Hatua ya saba: pesa

Hapa nitakuwa mfupi. Siku moja ICU inaweza kumaliza akiba ya familia, na ndugu wengine wanakukwepa macho kwa sababu wanadaiwa. Usichanganye taarifa ya mgonjwa na bili kwenye mazungumzo mamoja. Ukianza na kontroo namba ya malipo ukamalizia na hali, wanasikia kwamba hali inategemea kontroo namba. Mambo ya bima, msamaha na kulipa kidogo kidogo yaende kwa afisa ustawi wa jamii, na umwite mapema, siku ya kwanza au ya pili, sio siku ya kutoka wakati deni limeshakuwa milioni.

Hatua ya nane: dua, maji na mafuta

Watakuja na maji ya dua, na kombe, na mafuta ya upako. Usicheke, usinyang'anye. Eleza mipaka: hakuna kitu kinapita mdomoni kwa sababu ya mpira, kitaingia kwenye mapafu. Maji yanaweza kuloanisha kidole na kugusa paji la uso. Mafuta yawe mbali na uso na mipira ya oksijeni kwa sababu oksijeni nyingi na mafuta vinaweza kuwaka moto, tunampaka miguuni. Wengi wanakubali bila neno ukiwapa sababu. Padri akija kwa mpako wa wagonjwa au sheikh akija kusoma Yasini wavutie pazia, punguza sauti ya redio ya ofisini, wape robo saa.

Hatua ya tisa: ndugu akiwa mkali

Kuna imani mtaani kwamba ukiwekwa mashine hutoki, na tangu Korona imezidi. Kwahiyo mtu anakuja ameshaamua mmemuua. Akifoka usimjibu kwa sauti yake. Mtoe kwenye mlango, kaeni, useme "baba naona umeumia, niambie kilichotokea", alafu unyamaze mpaka amalize, na kumaliza kwake kunaweza kuchukua dakika saba, mwache. Karibu kila mara chini ya zile kelele utakuta kitu kimoja kilichokosewa kweli, hawakupigiwa simu, au nesi alimjibu mama yake vibaya. Hicho kiombee radhi waziwazi. Kuomba radhi kwa simu ambayo haikupigwa hakumaanishi mmekiri mmemuua mtu. Akitishia kupiga mtu hapo ni mlinzi na inchaji, usibaki naye peke yako.

Hatua ya kumi: ikifika mwisho

Hali ikianza kushuka, ita mapema. Usisubiri mpaka moyo usimame. Simu yangu inakuwa hivi: "Baba, hali imebadilika, amezidiwa, nawaomba mje sasa hivi, msije mmoja." Akiniuliza moja kwa moja "amekufa?" na ni kweli amefariki, simdanganyi. Namuuliza yuko na nani, ameketi au anaendesha, alafu namwambia. Najua wengi tumefundishwa kusema "njooni tu", lakini nimeona watu waliokimbiza pikipiki usiku kwa sababu ya hiyo "njooni tu".

Tumia neno amefariki. "Hatunaye", "ametutoka", "tumejitahidi sana" nimeona watu wanauliza "kwahiyo amehamishiwa wapi?" Sema amefariki, alafu funga mdomo ukae nao. Kabla hawajaingia kumuona toa mipira inayoruhusiwa kutolewa, futa damu, fumba macho, funga kidevu, weka shuka safi. Uliza dini usikisie kwa jina. Waislamu watataka kuzika haraka, kwahiyo karatasi za mochwari zisikae mezani kwako masaa matano. Waache wamshike. Hakuna kitanda cha dharura kiasi cha kumnyima mama nusu saa.

Hatua ya kumi na moja: kutoka ICU kwenda wodini

Tunasahau sana hii kwa sababu kwetu ni furaha. Kwa ndugu ni hofu, kule kulikuwa na nesi pembeni ya kitanda na monita mchana na usiku, huku nesi mmoja na wagonjwa thelathini. Waambie siku moja kabla, waambie kwamba kutolewa monita ni kwa sababu haihitaji tena, wapeleke mwenyewe na uwatambulishe kwa nesi wa wodi kwa jina. Waambie pia mgonjwa anaweza kuchanganya maneno usiku, kuota ndoto mbaya, kuwa dhaifu wiki au miezi, misuli imelala. Wasipoambiwa hivyo watadhani amerukwa na akili.

Hatua ya kumi na mbili: waulize wenyewe

Huwezi kujua familia zimeridhika kwa kuangalia kama wamekuletea soda. Wakanada chini ya Daren Heyland walitengeneza dodoso la kupima kuridhika kwa familia za ICU, toleo linalotumika sana lina maswali 24, 14 yapo kwenye huduma na 10 kwenye taarifa na maamuzi. Sisi tulianza na karatasi ya maswali manne ya Kiswahili: uliambiwa hali ya mgonjwa kila siku? Ulielewa? Ulipata nafasi ya kuuliza? Kuna kitu kilikuumiza? Anayeuliza asiwe nesi aliyemhudumia, hawatasema ukweli mbele yako, na asiyejua kusoma asomewe na mtu wa ustawi.

Waulizeni na waliofiwa, msiwaogope. Utafiti wa Seattle uliotoka 2007 ulikuta familia ambazo mgonjwa wao alifariki ICU ziliridhika zaidi kuliko zile ambazo mgonjwa wao alipona, hasa kwenye kushirikishwa maamuzi na kusikilizwa. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani wamekosea kuandika. Alafu nikafikiria wodi yetu, yule anayekufa tunamkalisha familia yake chini, tunaleta viti, tunaongea taratibu, na yule anayepona tunampita tu kwa sababu "huyu yuko sawa", mke wake yuko nje kwenye mkeka siku ya tisa hajaongea na mtu.

Kwahiyo daftari letu la familia pale mezani lina mistari ya vitanda vyote, na kila zamu inaweka saa iliyoongea na familia na sahihi, hata kwa yule ambaye kesho anatoka. Asubuhi inchaji akikuta mstari mtupu anauliza kabla ya kuuliza chati ya mkojo.